Walihesabu miti, maji wakayasahau

Kuna baraza moja nilikaa huku Tana Delta, pwani ya Kenya, chini ya mwembe kama kawaida, kampuni imeleta watu wake kuelezea projekti na mtaalamu wao wa mazingira amekuja na kompyuta na ramani kubwa ya kubandika, na kwenye ripoti yake yote ile nene sehemu ya ndege ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Mzee mmoja mvuvi akanyanyua mkono, hakuuliza habari ya kazi wala fidia, akauliza tu, "Nyinyi mlikuja kuangalia mwezi gani?" Jamaa akajibu mwezi wa pili. Wazee wakacheka. Haikuwa cheko ya dharau, ilikuwa ile cheko ya kumuona mgeni anaelekea kisimani na ndoo mkononi na kamba kaiacha nyumbani.

Manake mwezi wa pili huku ni kiangazi kikali. Miti unaiona imesimama pakavu, udongo chini umepasuka vipande vipande, ng'ombe wanapita katikati wakitafuta kivuli, na juu matawini kuna vijiti vijiti vimekwama ambavyo ukiwa mgeni utadhani ni takataka zililetwa na mafuriko ya mwaka jana. Magome yamepauka kwa mavi ya zamani, basi, hakuna kingine. Mtaalamu ataandika hakuna ndege waliotaga eneo hili na hajasema uongo, siku ile kweli hawakuwepo. Sasa njoo mwezi wa sita, masika imefanya kazi yake, mto umevunja kingo na mti ule ule umezama mpaka kiunoni. Kwanza unaunusa, halafu unausikia, ndo mwisho unauona. Harufu ya samaki waliooza imechanganyika na ile ya choo, kelele ya makinda ni kama kokoto zinatikiswa ndani ya debe bila kupumzika, kek kek kek kutwa nzima, na juu wamejazana yangeyange, kulastara, mnandi, kwarara, domomwiko, kila mmoja na tawi lake na wengine wanagombania, utadhani abiria kwenye matatu ya saa kumi na mbili jioni.

(Kwa wale ambao kila ndege mwenye miguu mirefu wanamuita korongo, hamna shida, hata mimi nimekua hivo hivo. Lakini kulastara ni yule anayeruka shingo ameikunja kama herufi S na anasimama majini ametulia tuli kama mzee anayesubiri pensheni. Yangeyange ni wale weupe, hata hao wanaofuata ng'ombe.)

Siku hiyo tulikosea. Tuliingia na mtumbwi karibu mno, nataka picha nzuri na simu, na makinda walipotuona wakaanza kututapikia, ndo silaha yao hiyo, kaperege kamoja nusu kameyeyushwa kakadondoka mguuni kwangu. Tukacheka. Lakini wazazi walikuwa wameshapaa juu wote kwa pamoja, wanazunguka, na dakika tano hazikuisha mwewe akashuka kwenye kiota kilichoachwa wazi akaondoka na kitu mdomoni. Mwenye mtumbwi hakunigombeza, aligeuza tu kasia tukaondoka, na mpaka tunafika nchi kavu hakuna aliyeongea. Hapo tulikuwa watu watatu na mtumbwi wa mti. Sasa weka tingatinga, weka lori za mchanga na jenereta na vijana mia mbili wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa.

Kwa hiyo mimi hoja yangu ni moja na nitaizungukia zungukia mpaka mchoke: tunapojenga viwanda kwenye maeneo haya tunajifanya tunalinda viota kwa kuulinda mti, tunauzungushia seng'enge, tunaweka bango, tunapiga picha na waziri. Mti ni nguzo tu. Kinachofanya kiota kiwe kiota ni maji yaliyo chini yake na muda ambao maji hayo yatakaa, na hivo viwili ndo vitu ambavyo ripoti zetu haziviandiki.

Fikiria kwa nini ndege hawa wanataga kwenye mti uliosimama majini wakati miti iko tele nchi kavu. Jibu la kwanza ni ulinzi. Nyani hapendi kuogelea, kicheche hali kadhalika, na kama chini kumelala mamba basi hakuna mwenye akili atakayepanda. Mamba ndo askari wa zamu pale, halipwi mshahara. Jibu la pili ni chakula. Mto ukifurika samaki wanatoka mtoni wanaenda kuzaliana kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, kambare na perege, na wiki chache baadaye maji yale ya kina kifupi yamejaa vitoto vya samaki, saizi ile ile inayoingia kwenye koo la kinda. Ndege hajui kusoma kalenda lakini hesabu yake iko sawa kabisa, anataga wakati mayai yataanguliwa samaki wakiwa wengi, na maji yakishuka taratibu samaki wanabanana kwenye madimbwi anawaokota kama mtu anayechuma mchicha bustanini.

Na muda wenyewe si mchache. Kulastara wa kawaida, yule wa kijivu, anaatamia siku 25 hivi, halafu kinda anakaa kiotoni kama siku 50 ndo aanze kuruka vizuri. Hiyo ni miezi miwili na nusu kwa jozi moja, na koloni zima, yaani kundi lote linalotaga pamoja, halianzi siku moja, wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa, kwa hiyo chukulia miezi mitatu mpaka minne maji yawe yamesimama pale chini. Yakikauka katikati wazazi wanaondoka. Hawatafuti suluhu wala hawaandamani, wanaondoka tu, makinda yanabaki yanalia siku mbili tatu halafu kimya. Na yakija mengi ghafla usiku mmoja kwa sababu mtu huko juu kafungua bwawa, viota vya chini chini kwenye matete vinakwenda na maji.

Tana ndo mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya mpaka baharini Kipini. Delta yake ni moja ya sehemu chache sana nchini ambazo ndege hawa wa majini wanakusanyika kuzaliana kwa maelfu, koloni la Idsowe karibu na daraja la Garsen na lile la Ziwa la Matomba yanajulikana na watu wa ndege tangu zamani. Mwaka 2012 delta ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, zaidi ya hekta 163,000. Sasa mtu akisikia Ramsar anadhani pale pamefungwa kama mbuga ya Tsavo. Hapana. Ramsar ni ahadi, nchi imeahidi kutumia eneo kwa busara, na busara kila mtu ana tafsiri yake.

Maana kabla ya hiyo ahadi kulikuwa na foleni. Kuna mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya mito ya Tana na Athi, na hela ya Wajapani ndani yake, wakajenga matuta makubwa kuzuia mto, halafu El Niño ya 1997 ikaja ikayavunja vunja. Mto ulikuwa unajibu barua. Halafu ikaja ile kubwa, TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias, mashamba ya miwa kama hekta 20,000, kiwanda cha sukari, ethanoli, umeme, kila kitu. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wakatoa kibali 2008, wanakijiji na watu wa mazingira wakakimbilia mahakama ya Malindi ikasimamisha kwa muda, mwaka uliofuata kesi ikatupwa kwa sababu za kiufundi. Halafu kulikuwa na Waingereza wa mbegu za mafuta waliojitoa wenyewe 2011, na Wakanada wa mbono kaburi, ule mmea wa mafuta ya injini, waliotaka maelfu ya hekta, nao wakaondoka. Ukizipanga zote mezani unaona delta ilikuwa kama msichana mzuri wa kijiji, kila wiki posa mpya.

Mimi si katika wale wanaopinga kiwanda kwa sababu ni kiwanda. Nimekaa Garsen, najua kijana aliyemaliza fomu foo anavyokaa stejini kutwa kusubiri basi la Lamu lishushe mzigo apate shilingi hamsini. Ukimwambia huyo habari ya yangeyange atakuangalia na ana haki ya kukuangalia hivo. Lakini angalia muwa wenyewe unataka nini. Muwa unataka maji mwaka mzima ila hautaki kuogelea, kwa hiyo lazima ufanye mambo mawili, uvute maji mtoni kiangazi wakati mto umeshakonda, na ujenge matuta masika ili mafuriko yasiingie shambani. Ukifanya hayo mawili kwa hekta 20,000 umeshaua koloni hata kama hukukata tawi moja, hata kama umeuacha ule mti katikati ya shamba na umeuzungushia ua wa maua. Ndo maana nasema seng'enge ni maigizo.

Na ile Mumias iliyokuwa inaleta neema ikaishia wapi? Septemba 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wanaodai, kwa madeni. Kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote za sukari Kenya. Sicheki, wakulima wa kule magharibi waliumia sana na bado wanaumia, lakini piga hesabu nami, kama ingekuwa imeshachimba na kulima delta nzima mpaka 2019, leo tungekuwa na matuta, mitaro mikavu, mashine zimeota kutu na hatuna mafuriko wala sukari. Kiwanda kinaweza kufa ndani ya miaka kumi. Koloni la ndege likivunjika huwezi kulitangazia zabuni.

Sasa hapa ndo watu wanakuja na ile yao, "nyinyi mnapenda ndege kuliko watu". Nimeisikia mpaka nimeizoea. Ingekuwa na nguvu kama ndege na watu wangekuwa wanakula sahani tofauti. Huku ni sahani moja. Mpokomo analima mpunga wake na maembe yake kwenye udongo unaoachwa na mafuriko, Muorma na Mwardei wanashusha ng'ombe deltani kiangazi kwa sababu ndiko nyasi zimebaki mbichi, na zimebaki mbichi kwa sababu ya yale yale mafuriko, mvuvi wa kambare ndo kabisa. Mwaka 2012 mpaka mwanzo wa 2013 watu zaidi ya mia walikufa kwenye mapigano humu, vijiji vilichomwa, na sitaki kurahisisha mambo, siasa ilikuwemo, kampeni zilikuwemo, silaha zilikuwemo. Lakini chini kabisa kulikuwa na ardhi na maji kubanana, na kila hekta iliyotiwa uzio kwa jina la mradi iliongeza huo mbano. Kwa hiyo ukiona koloni limejaa makinda mwezi wa saba ujue maji yalikuja kwa wakati na yalikaa, ng'ombe watakula, mpunga utatoka. Ndege ni geji tu. Geji ya bure.

Haya tupande juu kidogo, maana adui mkubwa wa viota vya delta hata hayuko delta. Kuna mabwawa matano ya umeme huko juu, Kindaruma la 1968 ndo la kwanza, wakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme unahitajika, sibishani, hata simu ninayoandikia nimeichaji. Ila kazi ya bwawa ni kunyoosha mto, masika unazuia, kiangazi unaachia, yaani unauondolea ule mdundo wake wa mara mbili kwa mwaka, na ndege wetu wanacheza kwa mdundo huo huo. Na lipo lile la High Grand Falls linalozungumziwa kila serikali ikiingia, likijengwa litakuwa kubwa kuliko yote hayo. Sasa chukua tathmini ya mazingira ya kiwanda chochote hapa chini, hii watu wanaita EIA, inachora duara la kilomita chache kuzunguka eneo la ujenzi, ndani ya duara wanahesabu miti, nyumba, makaburi, misikiti. Bwawa liko kilomita mia kadhaa. Pampu ya jirani iko nje ya duara. Kila mradi peke yake unakunywa glasi moja tu na kila ripoti inaandika athari ni ndogo, na ni kweli glasi moja ni ndogo, lakini glasi zimekuwa ngapi na mtungi ni mmoja?

Hili jambo la duara linanikera kuliko hata lile la mwezi wa pili. Mwezi unaweza kurekebisha, unamrudisha mtu mwezi wa sita. Duara ni mawazo.

Wengine wamefanyaje? Canada na Marekani kule pwani ya Pasifiki kulastara wao mkubwa wana miongozo yake, sehemu isiyojengwa wanapendekeza mita 300 kuzunguka koloni pasiguswe, mjini wanashusha mpaka 60 hivi kwa sababu wale wa mjini wameshazoea fujo, na kazi za kelele kubwa kama kulipua miamba zinakwenda mbali zaidi au zinasubiri makinda waondoke. Vancouver kuna koloni ndani ya Stanley Park, juu ya viwanja vya tenisi na jengo la ofisi, wapo pale kila mwaka tangu 2001 watu wanapita chini na miavuli kuogopa mavi. Kwetu pia unaona, Kampala korongo wakubwa wale wenye mfuko shingoni wamejenga juu ya barabara za mji na hakuna anayewaambia kitu. Kwa hiyo ndege hawa si waoga kama tunavyowadhania. Kelele ya kila siku wanaizoea. Wanachoshindwa ni kelele mpya iliyowakuta tayari wana mayai. Ukianza kujenga mwezi wa kwanza na wao wakaja mwezi wa tano wakakukuta, wataamua wenyewe kukaa au kwenda. Ukiwakuta wao, umeharibu. Jambo dogo hivi, halina gharama, ni kupanga tarehe tu, na sijaliona hata kwenye leseni moja niliyopata kusoma.

Nao Watanzania jirani zetu wana sheria yao ya mazingira ya 2004 yenye mita 60 kutoka kwenye kingo za maji, na watu wanaijua kwa kichwa, ukitaja tu mita sitini hata muuza genge anajua unaongelea nini. Sheria nzuri kwa kuwa inakumbukika. Ila mita 60 kutoka wapi, kwenye delta ambayo kingo ya maji mwezi wa pili na kingo ya maji mwezi wa tano zinaachana kilomita? Ukipima kiangazi umeshinda kesi kabla ya mvua.

Hao hao Tanzania walikuwa na kesi ambayo mimi naiona ni kaka wa hii yetu, Ziwa Natron. Ndege pale ni heroe mdogo, robo tatu ya heroe hawa dunia nzima wanazaliwa kwenye lile ziwa moja la magadi. Mwaka 2006 Tata Chemicals na shirika la serikali la NDC wakapanga kiwanda cha magadi cha tani 500,000 kwa mwaka, kelele zikawa nyingi, na 2008 Tata wakajitoa. Heroe anajenga kiota cha tope katikati ya ziwa penye chumvi inayochoma ngozi, maji yakizidi viota vinazama, yakipungua fisi wanavuka kwa miguu. Mti hata mmoja haupo pale wa kuzungushia seng'enge, na labda ndo sababu watu walielewa haraka kwamba kinachobishaniwa ni kina cha maji.

Na kama unataka ushahidi kwamba kiwanda na yangeyange wanaweza kuishi nyumba moja, upo, tena wa zamani. Avery Island kule Louisiana, wale wenye Tabasco, ile pilipili ya chupa. Mwishoni mwa miaka ya 1800 yangeyange weupe walikuwa wanakwisha Marekani kwa sababu manyoya yao yalikuwa yanabandikwa kwenye kofia za wanawake, E. A. McIlhenny wa familia hiyo ya Tabasco akakamata makinda wanane, akawalea kwenye kizimba, akawaachia waende zao majira ya baridi. Mwaka uliofuata wakarudi, na waliofuata wakarudi na wenzao mpaka koloni likawa la maelfu. Kisiwa hicho kilikuwa na mgodi wa chumvi na baadaye kikapatikana mafuta. Lakini angalia alichofanya yule bwana, hakuanza na mti. Alianza kwa kukinga maji, akatengeneza bwawa, halafu juu ya maji akaweka majukwaa ya mianzi. Mianzi! Hata mti haukuhitajika. Na chini mle mamba wa kwao wanazunguka, wanyama wa kupanda miti hawathubutu. Askari wa zamu wale wale.

Sasa mwenye mradi akiniuliza nataka nini, manake wanapenda kuuliza hivo kwa sauti ya kukukomoa, namwambia kwanza watafiti wako wa ndege waje mara mbili, kiangazi na mafuriko, na kama mwaka huo mafuriko hayakuja basi msubiri mwaka mwingine, ndiyo, msubiri, mkopo wenu unasubiri vitu vingine vingi. Kuanzia hapo kazi ya kupigilia nguzo na kupitisha malori iwe na tarehe za kusimama zilizoandikwa kwenye leseni, si kwenye hotuba. Nyaya za umeme zisikatize kati ya koloni na mahali wanapokula, maana ndege hawa wanasafiri alfajiri na magharibi mwanga ukiwa hafifu, ana mabawa mapana na hakati kona kama mbayuwayu, akiuona waya ameshaugonga. Hayo ni madogo na mengi ya makampuni yatayakubali haraka haraka kwa sababu ni rahisi. Lile kubwa ni maji, nalo halimo mikononi mwa kampuni moja. Wenye mabwawa wapewe ratiba ya kuachia maji masika yanayofanana na mafuriko, hata madogo, na yasikatwe ghafla baada ya wiki tatu. Hili lina gharama ya kweli, maji uliyoachia mwezi wa tano ni umeme ambao hutauuza mwezi wa tisa, na mtu akikwambia halina gharama anakudanganya. Lakini gharama ya kutoachia tunailipa tayari, ila bili inatumwa Garsen badala ya Nairobi.

Watasema karatasi zipo. Ni kweli zipo. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itengenezwe pamoja na wenyeji, wa muda mfupi na wa muda mrefu, na 2015 mpango wa matumizi ya ardhi ukatoka kweli, watu walikaa vijiji kwa vijiji wakabishana mpaka wakachora ramani. Nimeiona, ni kazi ya maana. Na 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mtu asikwambie sheria haiumi. Inauma, ila lazima kuna mtu aende akaifungue mdomo, na huyo mtu mara nyingi ni mwanakijiji aliyekopa nauli kwenda Malindi.

Ile ripoti ya ukurasa mmoja na nusu ilitangazwa gazetini baadaye na umma ukapewa siku 30 kutoa maoni. Nakala ilikuwa ofisi ya mji mwingine, kusoma bure, kutoa kopi unalipa. Nilienda na yule mzee mvuvi, akakaa kwenye benchi nikamsomea kwa sauti ile sehemu ya ndege. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale kwenye orodha, nikarudia, akahesabu kwa vidole. Aina sita. Akaanza kutaja za kwake kwa Kipokomo, alipofika ya kumi na nne karani akatuambia ofisi inafungwa saa saba kwa chakula. Tukatoka tukamalizia kuandika barazani, yeye anataja mimi naandika, na kwenye sehemu ya mwezi akasisitiza niweke herufi kubwa.